Nimetembezwa Liganga na kijana wa boda wa Ludewa kwa 70,000, na haya ndo niliyoyaona

Naandika hii sababu kabla sijaenda nilitafuta sana mtu aliyewahi kutembelea Liganga, ule mlima wa chuma wa Ludewa mkoani Njombe, akaeleza nikakosa, kila nikiandika jina hilo napata habari za mikutano na mamilioni ya tani, hakuna anayekwambia unafikaje, unaona nini na nani anakupeleka. Mimi ni mwalimu wa jografia huku Mbeya, miaka 11 naandika ubaoni "chuma – Liganga" halafu napita kwenda kwenye almasi ya Mwadui, na sijawahi hata siku moja kuliona hilo jiwe lenyewe. Likizo hii nikasema hapana, naenda.

Huduma yenyewe ni ya kijana mmoja dereva boda pale Ludewa mjini, jina silitaji maana sikumwomba ruhusa. Anakufuata gesti asubuhi, anakupeleka kijiji cha Mundindi, anakupitisha ofisi ya kijiji, anakutembeza mlimani na jioni anakurudisha. Alianza na 90,000 tukamalizia 70,000, mafuta analipa yeye.

Kufika Ludewa kwenyewe ni safari. Unapanda gari Njombe, unapita Itoni, baridi kali na ukungu, halafu unafika kile kipande cha Lusitu hadi Mawengi ambacho wamemwaga zege badala ya lami, kama kilomita 50 hivi za zege tupu zinazopinda milimani. Abiria niliyekaa naye, mama mmoja mtu wa Mlangali, aliniambia mwanangu ungekuja enzi zile masika ungelala humu humu kwenye gari siku mbili. Nililishika hilo neno, maana baadae kule juu nilielewa kwamba nusu ya historia ya Liganga ni historia ya barabara.

Kesho yake kijana kachelewa dakika 50. Tulikubaliana saa 12 asubuhi, kaja karibu saa moja kasoro, kasema pancha. Hilo ndo la kwanza la kumkosoa, na la pili helmeti ya abiria ilikuwa haina mkanda, nikamwambia mdogo wangu mimi bila mkanda siendi, akaenda kuazima nyingine kwa mwenzake, hakukasirika. Njiani ni vumbi jekundu lile la kuingia mpaka kwenye meno, beba kitambaa.

Ofisi ya kijiji walinipokea vizuri, kamwene, kamwene (ndo salamu ya huku), nikasaini kitabu cha wageni, nikaeleza mimi mwalimu nimekuja kujifunza, wakamwambia kijana asinipeleke sehemu fulani zenye leseni na nisiokote kitu. Msiruke hii hatua jamani, lile eneo lina mwenyewe.

Sasa tufike penyewe. Nilitegemea ataanza kunihutubia kama wale waongoza watalii wa mjini, hapana. Kafika kwenye jabali moja jeusi limejitokeza kwenye majani, katoa mfukoni sumaku ya spika mbovu imefungwa kamba, kanipa mkononi bila kusema neno, nikaisogeza, ikarukia mwamba tap! Ikaning'inia hapo. Nikaivuta ikagoma. Halafu akaniambia, mwalimu toa simu yako fungua dira. Nikafungua, ile mishale ikaanza kuzunguka haijui kaskazini ni wapi, nikipiga hatua tatu kaskazini imehama. Nilicheka kama mtoto. Yaani ukiwa pale juu dira si kitu, na ndo maana hata wapimaji wanaotumia dira ya kawaida kwenye mwamba wa namna hii wanapotea, inabidi wapime kwa jua au kwa satelaiti.

Kisha kanipa mawe mawili, moja kila mkono, karibu ukubwa sawa. La kushoto jeupe kijivu, la kulia jeusi lenye kutu kutu. La kulia lilinishusha mkono. Akasema "hayo mawili mama mmoja." Nyie, nimesoma jografia chuo miaka mitatu hakuna aliyenielezea kwa maneno manne hivyo.

Nieleze kidogo maana kijana aliishia hapo na mimi ndo nikaongezea, tukabadilishana. Lile jeupe ni anothositi, mwamba ambao karibu wote ni madini ya aina ya feldspa. Lile jeusi ni magnetaiti, yaani madini ya chuma yanayoshika sumaku, na ndani yake kuna metali nyingine mbili, titaniamu na vanadiamu kidogo. Wajiolojia wanaliita eneo zima Upangwa, kwa jina la nchi ya Wapangwa, na limo ndani ya ule mkanda wa Ubendi uliojikunja na kuungua kama miaka bilioni 2 hivi iliyopita, kabla ya dinosaria, kabla ya samaki, kabla ya chochote chenye miguu. Uji wa mwamba ulipanda kutoka chini ukakwama ndani ya ardhi, haukutoka kama volkano, ukapoa polepole sana. Katika kupoa ikatokea kama maziwa yanavyojitenga, fuwele nyepesi zikapanda juu zikawa lile jiwe jeupe, vile vizito vya chuma na titaniamu vikazama na kujibana kwenye nyufa na matabaka. Baadae milima ikasukumana, mwamba ukakandamizwa ukapashwa moto upya, ukapinda. Ndo maana ukitembea pale hukuti tabaka moja refu la kuchimba kama keki, unakuta jabali hapa, unapita mahindi ya watu, unakuta jabali lingine kule.

Haya anayoyajua kijana kayapata wapi? Nikamuuliza. Akasema kaka yake alikuwa kibarua wa kubeba mabomba kipindi cha kuchoronga, yaani kutoboa mwamba kupima kilichomo, yeye alikuwa mdogo anawapelekea chakula, akawa anakaa kusikiliza. Alinionesha kigingi cha zege kwenye majani penye shimo la uchorongaji, kakifuta kwa mkono kama mtu anayefuta kaburi la babu yake. Nampa nyota kwa hilo peke yake.

Hapo tukakaa chini tukala mihogo niliyobeba mimi (chakula hakimo kwenye bei, jueni hilo) na ndo nikamwelezea historia ya huo upimaji, maana yeye anajua kuanzia wachina na mimi najua ya nyuma.

Maandishi ya serikali yanataja 1898 kuwa ndo mwaka chuma cha Liganga kiliandikwa. Enzi za mjerumani. Miaka hiyo hiyo kuna mjiolojia wao anaitwa Bornhardt alizunguka kusini yote hii kwa miguu kati ya 1895 na 1897 akiwa na wapagazi, akaandika habari za makaa ya mawe karibu na Ziwa Nyasa, na vile vilima vya mawe vinavyosimama peke yake kwenye tambarare mpaka leo dunia nzima wanaviita kwa jina lake. Kisha mwingereza akaja, Idara ya Jiolojia ikakaa Dodoma, miaka ya 1930 Stockley akachora ramani ya makaa ya mawe ya Ruhuhu, ambayo ndo nchi ya Mchuchuma hiyo hiyo, makaa ya jirani na Liganga. Baada ya vita kuu ya pili shirika la maendeleo la kikoloni likaja kuangalia chuma na makaa kwa pamoja, likaondoka. Tukapata uhuru, mwaka 1975 ikaja mipango ya viwanda vya msingi na chuma cha Liganga kikiwa ndani yake. Kati ya 1977 na 1980 ndege zikapita juu ya nchi nzima zikipima usumaku wa ardhi. Halafu Septemba 2011 NDC, Shirika la Taifa la Maendeleo, wakasaini na kampuni ya Sichuan Hongda ya China, asilimia 20 yetu na 80 yao, mradi wa dola bilioni 3, mgodi wa chuma Liganga, makaa Mchuchuma na umeme wa megawati 600. Wakachoronga. Hesabu iliyotoka ndo ile ya tani milioni 126 zilizothibitishwa.

Kijana akaniuliza swali ambalo nadhani kila mgeni analiuliza: sasa kama wanajua tangu 1898 kwa nini lipo hapa hapa?

Nikamwambia chukua tena lile jiwe jeusi. Karibu nusu yake ni chuma, hiyo ni nzuri. Lakini zaidi ya sehemu moja katika kumi ni oksidi ya titaniamu, yaani titaniamu iliyoungana na oksijeni, na titaniamu ndani ya tanuru la kawaida ni balaa, yale mavi ya chuma, uchafu ulioyeyuka, yanakuwa mazito kama ugali uliopitiliza, hayatiririki, tanuru linaziba. Matanuru ya ulaya ya wakati wa mjerumani na mwingereza yasingelipenda jiwe hili. Mpaka watu wachache duniani wakajifunza njia zao: Panzhihua huko huko Sichuan, Highveld ya Afrika Kusini, na New Zealand wanaotumia mchanga mweusi wa pwani yao. Kwa hiyo kampuni kutoka Sichuan kuja Ludewa halikuwa jambo la kubahatisha, kule kwao ndiko jiwe kama hili linakoyeyushwa. Na ukiliweza, ile titaniamu inayokusumbua inageuka mali, inatengeneza weupe wa rangi za ukutani, na vanadiamu inaongeza nguvu kwenye chuma cha nondo na cha zana.

La pili ni umbali. Jiwe zito hivi lipo mlimani, reli ya TAZARA ipo Makambako, bandari ya Mtwara ipo mwisho wa dunia nyingine. Bila makaa ya jirani na bila njia ya kulitoa, ni mlima tu. Na la tatu makubaliano, vivutio vya mwekezaji na bei ya umeme vikajadiliwa miaka, 2017 zikaja sheria mpya za rasilimali, mambo yakasimama. Mimi sina tatizo na nchi kuangalia mkataba wake vizuri, kinachoniuma ni watu wa Mundindi waliozuiwa kujenga na kupanda mazao ya kudumu wakisubiri fidia miaka na miaka. Fidia imelipwa 2023, zaidi ya bilioni 15 kwa Liganga na Mchuchuma. Kijana alisema kwao walipata, mama yake kaezeka bati. Akaangalia pembeni akasema baba hakuiona. Tukanyamaza kidogo.

Kitu kimoja nilimrekebisha na naomba wengine mkienda mumsaidie: anawaambia wageni chuma hiki kitachimbwa miaka 1000. Piga hesabu mwenyewe, ukichimba tani milioni 3 kwa mwaka, milioni 126 ni miaka 42. Kuna makadirio makubwa zaidi ya hapo lakini hayo bado hayajachorongwa, na tani iliyochorongwa na tani ya kukadiria ni vitu viwili tofauti. Alinisikiliza, akaandika kwenye simu yake.

Kabla ya kurudi kanipeleka kwa mzee mmoja, hii haimo kwenye ratiba lazima umwombe. Shikamoo mzee, marahaba, tukakaa. Mzee katoa jembe la kale, limelika limebaki kama kiganja, kasema ni la bibi yake na halikununuliwa dukani. Wapangwa walikuwa wafua chuma haswa, tanuru la udongo, mivukuto, mirija ya udongo, mkaa, na miiko mingi ya nani asikaribie. Kuna mtafiti kutoka Norway, Randi Barndon, alikuja kufuatilia ufundi huo kwa Wapangwa na kwa Wafipa kule Rukwa, akaandika. Wafipa wao walijenga matanuru marefu yanayovuta upepo yenyewe bila kuvukuta. Majembe ya huku yalikwenda kwa majirani kwa kubadilishana. Nikamshika mzee mkono nikamwambia babu, mimi nimefundisha watoto kwamba chuma cha Ludewa kiliandikwa 1898, nimewadanganya. Akasema hukudanganya mwalimu, uliandika ulichopewa.

Kwa anayetaka kwenda: nenda Juni mpaka Oktoba, mvua ikianza ile barabara ya vumbi inakuwa utelezi mtupu. Vaa viatu vya kufunga, beba sweta, maji lita 2 na chakula chako. Mtandao mlimani unakata kata. Mpigie jana yake umkumbushe saa, na kagua helmeti. Ukisikia ngurumo shuka, kijana alishuka mbio wingu lilipotanda akasema mawe haya yanaita radi; kama ni mawe mimi sina uhakika, ila juu ya mlima wenye ngurumo si pa kukaa. Jiwe usibebe. Nililikamata lile jeusi muda mrefu, nikamuuliza hata kipande cha kuonesha darasani? akasema hapana mwalimu, sampuli mpaka kibali, akalichukua akalirudisha palepale lilipokuwa kwenye kivuli chake cha udongo. Hapo ndo niliongeza 10,000 juu ya bei.

Nampa nyota 4, ya 5 akinunua helmeti nzuri na akaja kwa wakati. Agosti narudi na wanafunzi 14 wa kidato cha tatu, ofisi ya kijiji wametaka barua ya shule wiki mbili kabla, na yeye kasema atatafuta boda wenzake 6, kila moja mtoto mmoja mmoja kwa zamu kutoka barabarani, hapakii mishikaki. Sumaku ya pili naitafuta mimi.