Mishipa haijaziba, kifua bado kinabana: katheta au MRI ya moyo?

Wagonjwa wengi, hasa wanawake, huambiwa mishipa yao ya moyo ni safi, wakarudi nyumbani na dawa za tumbo. Inaniuma, kwa sababu mishipa midogo isiyoonekana kwenye angiografia (picha ya mishipa kwa dawa ya rangi) inaweza kushindwa kutanuka, au mshipa mkubwa ukajikaza ghafla.

Kwa undani wa majibu, katheta inashinda. Daktari hupitisha mrija kwenye kifundo cha mkono, hudondosha asetilkolini, dawa ya kuuchokoza mshipa, kuona kama utajikaza, kisha hupima mtiririko wa damu kwa adenosini, dawa ya kutanua mishipa. Utafiti wa CorMicA wa Scotland, 2018, ulionyesha kuwa tiba iliyofuata majibu haya ilipunguza maumivu. Ni tofauti kubwa: mshipa unaojikaza hutaka dawa kama amlodipini, wakati mishipa midogo mara nyingi huanzishiwa bisoprololi.

MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, haiingizi mrija moyoni wala haina mionzi, ila huhitaji sindano ya mshipani. Huonyesha damu inavyofika kwenye msuli, pamoja na kovu au uvimbe wa msuli wenyewe (myocarditis). Kujikaza kwa mshipa haikuonyeshi. Mwenye pumu au figo dhaifu aseme mapema.

Gharama? Zote nzito, uliza bima yako kabla ya kupanga safari ya Dar es Salaam.

Kama angiografia bado hujafanyiwa, muulize daktari kama vipimo vya katheta vinaweza kufanyika katika kikao hicho hicho. Maumivu yanayokuamsha alfajiri ukiwa umepumzika yanaelekeza kwenye katheta. Ukishukiwa uvimbe wa msuli, anza na MRI. Kifua kikibana sasa hivi, nenda hospitali kwanza.