Maji yanayotupwa na RO: pampu au pipa?

RO ni kichujio kinachopitisha maji kwenye utando ili kuondoa chumvi, na sehemu ya maji hutupwa nayo. Maji hayo unaweza kuyapunguza kwa pampu au kuyakinga kwa pipa. Simtanki lililoinuliwa mita 5 hutoa presha ya nusu bar tu, ilhali utando wa RO wa nyumbani unataka bar 3 hadi 5. Hapo maji mengi huishia kwenye mpira wa kutupia, na ya kunywa hutoka kwa matone. Pampu ndiyo dawa. Ifungwe kabla ya utando, pamoja na swichi ya kuizima maji yakikatika. Uwiano unaweza kushuka hadi lita 2 au 3 za kutupwa kwa kila lita 1 safi. Usibane maji ya kutupwa zaidi ya hapo: chokaa huganda kwenye utando, na utando ni ghali kuliko maji.

Pipa halitaki umeme. Ukichuja lita 10 kwa uwiano wa 3 kwa 1, unakinga lita 30 za chooni na kudekia. Lakini karibu chumvi yote imebaki humo: kisima chenye miligramu 900 za chumvi kwa lita kitakupa takriban 1,200. Mchicha usiumwagilie hayo. Mdomo wa mpira ukae juu ya maji, usizame, na pipa liwe na tundu la kumwagia ziada.