Trela la yoti ndogo: limetoka Mtwapa, limefika Naivasha

Asalaam alaykum ndugu zangu, na wale wa bara, hamjambo. Leo sina boti ya kuwaonyesha ikiwa majini. Leo ni hili trela. Niko yadi hapa Mtwapa, na hayo matope mnayoyaona kwenye madigadi sijayaosha makusudi: limerudi juzi kutoka Naivasha. Limebeba yoti yangu karibu kilomita 600 kwenda, na 600 nyingine kurudi. Nilijizuia kulizungumzia mpaka limalize safari, maana trela likiwa limesimama yadi, limepanguswa vumbi, halina kasoro.

Ni la ekseli moja. Chuma chake kimechovywa zinki, si rangi ya kupuliza, na limetoka Uingereza likiwa limeshatumika. Nimelipa shilingi 190,000. Kibati kinasema mwisho wake ni kilo 1,300, yaani trela pamoja na mzigo. Yoti ni ya faiba, futi 19, mkuku wake, yaani uti wa chini ya boti, unapanda na kushuka kwa winchi. Niliviweka vyote mzani, boti, mashine, nanga, matanga na trela lenyewe, ikasoma kilo 1,180. Huko linakotoka, trela likivuka kilo 750 sheria inataka liwe na breki yake lenyewe, na kwa barabara zetu zenye miteremko na malori, mimi nasema sheria hiyo ni ya haki. Breki za hili ni za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, trela linaligandamiza kwa nyuma, mkono huu wa mbele unaingia ndani, unavuta kebo, breki zinashika. Ukiona mpira huu unaoufunika mkono umechanika, ubadilishe kabla ya jambo lolote, kwa sababu mchanga ukiingia humu mkono utakwama siku unayouhitaji.

Halafu soma namba iliyo kwenye kichwa cha trela, hiki kinachojifunga juu ya tufe la gari. Hiki kimeandikwa 50, ni milimita. Tufe la chuma la nyuma ya gari nalo liwe 50. Kuna magari yamefungwa la inchi 2, ambalo ni milimita 50.8. Tofauti ni chini ya milimita moja, lakini inatosha kukizuia kichwa kisijifunge sawasawa, na wewe juu ukidhani kimefunga.

Sasa jambo lililonitisha. Kabla ya safari kubwa nilifanya jaribio, kutoka hapa kwenda Kilifi. Tulipofika maeneo ya Kikambala, mwendo ni 70 tu, lori likanipita. Upepo wake ukalipiga trela ubavuni, nikaona kwenye kioo mlingoti unatembea kushoto, kulia, kushoto, na kila mara unakwenda mbali zaidi. Hapo mkono unataka kukata usukani na mguu unataka kukanyaga breki. Usifanye hata moja. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, acha mwendo ufe wenyewe. Wala usiongeze kasi ukidhani utalinyoosha. Lilitulia, alhamdulillahi, lakini nilirudi nyumbani mikono ikitetemeka.

Sababu nilikuja kuipata kwa mzani wa kupimia watu, huu wa bafuni. Weka mzani chini, simamisha juu yake kipande cha mbao chenye kimo cha tufe la gari, kishushe kichwa cha trela juu ya mbao, trela likae sawa kama linavyokaa barabarani. Langu lilisoma kilo 28. Ni kidogo mno! Kwa uzito kama wangu nataka kati ya asilimia 5 na 7 ikae kwenye kichwa, yaani kilo 60 hadi 80 na kitu, na isizidi kile ambacho kitabu cha gari kinaruhusu. Omo, yaani mbele ya boti, ikiwa nyepesi, tezi, yaani nyuma yake, ndiyo inayoendesha. Kwa hiyo tulilegeza boliti za nguzo hii ya winchi, tukaisogeza mbele sentimita 25, boti nayo ikaja mbele kiasi hicho hicho. Nikapima tena: 74. Kutoka siku hiyo malori yamenipita mengi, na trela linatikisika mara moja tu, linatulia.

Ukisogeza boti, inama utazame chini. Mkuku ndio unaobeba boti, ulale kwenye hizi rola za katikati. Hii mikono ya pembeni yenye zulia ni ya kuizuia isilale ubavu tu. Nilipoisogeza yangu, rola moja ikabaki hewani na mkono wa kushoto ukawa unabeba uzito wote. Ukiiacha hivyo kwa kilomita 600 za matuta, utaikuta faiba imebonyea. Ilibidi turudi kuzipanga rola upya.

Tairi. Aliyeniuzia alizipaka rangi nyeusi, zikang'aa, na kashata zake, haya meno yanayoshika barabara, ziko kama mpya. Tairi za trela haziishi kwa kulika, zinakufa kwa kusimama juani. Tafuta tarakimu nne zilizo mwisho wa maandishi ya DOT: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Upande wa nje sikuziona. Nikalala chini ya trela na tochi, nikazikuta upande wa ndani: 3113. Wiki ya 31, mwaka 2013! Nikaikunja kidogo kwa kidole gumba, nyufa zikafunguka kama udongo mkavu. Nilizitoa zote mbili, na ya akiba pia.

Lakini ukiniuliza kitu kimoja cha kufungua kabla hujanunua trela lolote la boti, nitasema beringi. Trela hili linafanya kazi ambayo trela la ng'ombe halifanyi: linatembea likapata moto, kisha linazamishwa baharini. Hewa iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu imepanuka kwa joto. Ukiizamisha ghafla inapoa, inajikunja, inanyonya maji ya chumvi kupitia sili ya nyuma. Hukuona kitu. Unapandisha boti, unakwenda zako, na chumvi inakula chuma kimya kimya. Nilipofungua gurudumu la kulia, grisi ilikuwa nyeupe, kama maziwa yaliyoganda. Niliosha, nikaweka beringi na sili mpya pande zote mbili. Kuna na hivi vifuniko vya springi vinavyoisukuma grisi ndani ili maji yasipate nafasi. Ni vizuri, ila usishindilie. Ukizidisha, grisi inaipita sili ya nyuma na kumwagikia breki, na breki yenye grisi haishiki.

Mikanda sitaikawiza. Ule wa winchi ni wa kupandishia boti, usiutegemee njiani. Omo ina mnyororo wake, tezi ina mikanda miwili ya racheti, na unakaza tena baada ya kilomita 10 za mwanzo kwa sababu boti hujipanga. Mlingoti ulale juu ya vishikio viwili vyenye sponji, ufungwe katikati pia, kitambaa chekundu kwenye ncha inayochomoza nyuma. Usukani wa boti na mashine ya kilo 26 nilivibeba ndani ya gari.

Tuliondoka alfajiri. Voi niliweka kiganja kwenye vitovu vyote viwili: vuguvugu, sawa sawa. Mtito Andei vivyo hivyo. Kimoja kikikuchoma na kingine kikawa vuguvugu, safari imekwisha hapo, tafuta fundi. Nati za magurudumu nilizikaza Mariakani, moja ikaitika robo duara. Baada ya Limuru sikushukia Mai Mahiu, nilipita barabara ya juu, na kwenye miteremko niliweka gia ndogo ili breki za trela zisichemke.

Kasoro iliyobaki ni taa. Waya zimepitishwa ndani ya fremu bila kulindwa, na moja ilikuwa imeshalika. Nimeweka ubao wa taa unaovuliwa, nauchomoa kabla ya kushusha boti. Kwa bei ile, na chuma kile, bado nalipendekeza, ila ongeza akilini gharama ya tairi na beringi.

Naivasha tulifika saa kumi na moja jioni. Kabla ya kuusimamisha mlingoti tulitazama juu kwanza. Ni wa alumini, mita saba, na waya za umeme zilipita juu ya mahali nilipokuwa nimeegesha, basi nikaliondoa gari lote pale. Vijana wa pale walikuwa tayari, wamekunja suruali, wananiambia, "Mzee, shusha, giza linaingia." Niliwaomba tusubiri. Tukakaa nusu saa, tukaondoa magugu maji pale boti inapoingilia ziwani. Nikarudi nikagusa vitovu. Vilikuwa baridi kama jiwe la kivulini, na hapo ndipo nikarudisha gari nyuma, polepole, mpaka boti ikaelea.