Maskati na Nizwa: Pande Mbili za Omani

Hadi mwaka 1970 nchi hii iliitwa Maskati na Omani, na jina hilo halikuwa pambo: pwani ilikuwa ya sultani, bara ilikuwa ya imamu, kiongozi wa dini na wa utawala, na Mkataba wa Seeb wa 1920 uliyaachia makabila ya bara yajiendeshee mambo yao.

Maskati imeishi kwa bahari. Utawala ulirithiwa ndani ya ukoo wa Al Busaidi, na Seyyid Said bin Sultan akahamishia makao yake Unguja, ambako karafuu na biashara ya watumwa zilimtajirisha.

Nizwa, mji wa imamu huko bara, ilifuata njia nyingine. Imamu wa Kiibadhi, madhehebu ya Kiislamu yenye wafuasi wengi Omani, alichaguliwa na wanazuoni na wakuu wa makabila, wala hakurithi kiti, angalau kwa kanuni, maana akina Yaarubi, ukoo wa maimamu uliotawala kabla ya Al Busaidi, walirithishana. Utajiri wa Nizwa ulikuwa maji: mfereji wa Daris hupita kati ya mitende, na kila mwenye shamba ana zamu yake, ambayo zamani ilipimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Kwa maoni yangu, mfereji huo unaieleza Omani kuliko kasri lolote.

Vita vya Jebel Akhdar, kati ya sultani na imamu, viliuzima uimamu mwaka 1959. Kisha yakaja mafuta: visima vya Fahud viko bara, lakini tangu 1967 meli huyapakia kwenye bandari ya Mina al Fahal, jirani na Maskati. Nizwa imebaki na mnada wake wa Ijumaa asubuhi, mbuzi wakizungushwa kwa kamba mbele ya wanunuzi.