DNA ya mgebuka: uchemshe na Chelex au upitishe kwenye kolamu ya silika?

Wenzangu wa Kigoma mnaokata vipande vya pezi la mgebuka pale mwalo wa Kibirizi, hili swali la njia gani ya kutoa DNA kwenye samaki linarudi kila siku so ngoja niseme ninavyoona mimi.

Chelex, yaani punje ndogo za resini zinazonasa madini, ni rahisi mno. Unaweka kipande kidogo cha pezi kwenye maji yenye Chelex 5% hadi 10%, unachemsha karibu nyuzi 100 kwa dakika kama 10 hivi, seli zinapasuka, na zile punje zinakamata magnesiamu ambayo vimeng'enya vinavyokata DNA vinaihitaji, basi DNA inapona. Ila maji ya juu tu ndo unayochukua, ukivuta na punje PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi) inagoma maana nayo inataka magnesiamu hiyohiyo! Na protini hazijatoka, DNA yenyewe imeachana nyuzi mojamoja, kwa hiyo kuitunza miaka sahau.

Kolamu, yaani kimrija chenye kichujio cha silika, ni gharama na inataka sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi), umeme ukikatika katikati unakaa unasubiri. Lakini inatoa DNA safi kweli: chumvi ya guanidini inaifanya ing'ang'anie silika, protini zinapita, unaosha na ethanoli, unaitoa na bafa (kimiminika kinachotuliza pH) yenye chumvi kidogo.

Mimi samaki wengi wa PCR ya haraka nachemsha, sampuli ya kutunza au ya kusoma jenomu nzima (DNA yote ya samaki) ni kolamu tu. Na tafadhali sana, mabaki yenye guanidini msiyamwagie jiki, inatoka gesi ya sumu.