Uzoefu Wangu: Siku Nzima Katika Kasri la Friedenstein, Gotha

Nilikwenda Gotha, mji wa Ujerumani, kwa sababu ya Mhabeshi mmoja. Mwaka 1652 Abba Gorgoryos, kasisi na msomi kutoka Ethiopia, alialikwa na Duki Ernst wa Kwanza katika kasri la Friedenstein, akafanya kazi humo pamoja na Hiob Ludolf, mzaliwa wa Erfurt aliyekuwa katika utumishi wa duki huyo. Vitabu vya Ludolf kuhusu Kige'ez, lugha ya kale ya Ethiopia, na Kiamhara, pamoja na historia ya Ethiopia aliyoichapisha mwaka 1681, vimejengwa juu ya elimu ya mgeni yule. Gorgoryos mwenyewe hakuviona, kwani alikufa maji mwaka 1658 akiwa njiani kurudi kwao.

Kutoka Erfurt hadi Gotha kwa garimoshi ni safari isiyofika nusu saa. Nilikipanda kilima kwa upande wa soko, ambako maji ya mfereji wa Leina, uliochimbwa katika karne ya 14, huporomoka kutoka hodhi hadi hodhi, na juu yake kasri linauangalia mji mzima. Kwa nje si jengo la madoido: ni kuta ndefu nyeupe zinazouzunguka ua mpana sana, na minara miwili isiyofanana, kwa kuwa ule wa mashariki uliungua mwaka 1678 na kuezekwa upya kwa umbo jingine. Ujenzi ulianza mwaka 1643, Vita vya Miaka Thelathini vikiwa bado vinaiteketeza Ujerumani, mahali ilipokuwa ngome iliyobomolewa mwaka 1567. Nilisimama kwa muda chini ya mchongo ulio juu ya lango, unaoonesha Amani na Haki wakibusiana. Maandishi yake yanasema kwamba amani hulisha na fitina hula. Jina Friedenstein lenyewe maana yake ni jiwe la amani.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni ukumbi wa maonyesho ulio katika mnara wa magharibi, uliotengenezwa kati ya mwaka 1681 na 1687 na kupewa baadaye jina la mwigizaji Conrad Ekhof, aliyeliongoza kundi la waigizaji la duki tangu mwaka 1775. Ukumbi ni mdogo, wa mbao, na mitambo yake ya karne ya 17 bado inafanya kazi. Chini ya jukwaa kuna gurudumu la kuviringishia kamba. Watu wakilizungusha, mbao zote za mandhari zilizopangwa pande mbili huteleza kwa pamoja katika mifereji ya sakafuni, na msitu hugeuka kuwa jumba mbele ya macho ya watazamaji kwa sekunde chache tu. Kila majira ya kiangazi huwa na tamasha, na ningemshauri mtu apange safari yake kuilenga siku ya onyesho, kwa sababu mtambo huo huwezi kuuelewa sawasawa kwa kuuangalia umetulia.

Makumbusho yenyewe yana mengi, na mahandaki ya ulinzi yaliyo chini ya kilima yanafaa kutembelewa na mwenye koti, kwani ni baridi hata Julai. Mimi nilihifadhi saa zangu za mwisho kwa ajili ya maktaba ya utafiti, ambayo sasa iko chini ya Chuo Kikuu cha Erfurt. Maktaba hiyo ndiyo inayotunza pia hazina ya ramani za Perthes, kampuni ya Gotha iliyochapisha mwaka 1856 ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann. Wamisionari hao waliokuwa katika pwani yetu waliichora kwa kuwasikiliza wafanyabiashara wa misafara, nao wakayaunganisha maziwa yote ya bara kuwa bahari moja kubwa, Bahari ya Unyamwezi. Mwaka uliofuata wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani kwenda kuitafuta. Niliinamia nakala yake nikayasoma majina ya vituo vya misafara kimoja kimoja, majina ambayo watu wa pwani waliyatamka na mchapaji wa Gotha akayapanga kwa herufi zake.

Kwa kuwa ukarabati unafanyika kwa awamu, hakikisha kabla ya kuondoka nyumbani ni vyumba gani vilivyo wazi. Saa mbili hazitoshi. Tenga siku nzima.