Mpira wa oili wa lori: uliza joto kabla ya presha

Kwa vumbi letu la Dodoma, mpira wa oili unaochoka, ule unaopeleka oili ya injini kwenye rejeta yake ndogo na kuirudisha, hujitangaza mapema. Pale unapoingia kwenye paipu ya chuma, kwenye kile kikombe cha chuma kilichobanwa juu yake kiwandani, huanza unyevunyevu tu. Vumbi linanasa, na wiki chache baadaye unakuta tope jeusi limegandamana. Wengi tunapitisha tambara, tunaongeza oili lita moja, safari inaendelea. Nami nilifanya hivyo miezi mitatu kwenye lori langu la tani kumi, nikibeba mahindi ya Kibaigwa, mpaka mpira ulipochomoka tumeshapita Manyoni kuelekea Singida. Dereva aliona taa ya oili ikiwaka, akatafuta pembeni pazuri pa kuegesha. Alipopapata, injini ilikuwa imeshanoki.

Simlaumu. Pampu ya oili ya injini ya lori husukuma makumi ya lita kwa dakika, na sampu yangu, bakuli la oili la chini ya injini, haikuwa na hata lita ishirini. Mpira ukiachia, oili yote inamwagika lamini kabla hujamaliza kufikiria. Kwa hiyo kitu cha bei ndogo namna hii ndicho kinachoamua uhai wa krenki shafti, beringi na tabo (ile inayosukuma hewa kwenye injini) kwa pamoja. Yafuatayo nimeyapanga kama ambavyo ningenunua mimi leo, nikiwa hapahapa Dodoma, kuanzia ninachokiamini zaidi.

Kwanza hakikisha lori lako lina mipira hiyo. Malori mengi ya Ulaya na Japani yana kipoza oili kilichofungwa ubavuni mwa injini, kinapozwa na maji ya rejeta, na hakuna mpira mrefu wa nje. Huko ukiona oili, tafuta gasketi au paipu ya tabo. Mipira ninayoizungumzia ni ile inayotoka injini au kwenye nyumba ya filta kwenda kwenye rejeta ndogo ya oili mbele, kisha kurudi. Utaikuta kwenye Land Rover za 300Tdi, kwenye pikapu za zamani za GM zenye dizeli ya lita 6.5, na kwenye malori ambayo wenyewe wameyaongezea rejeta ya oili kwa ajili ya kazi nzito.

Sasa jambo ambalo lingeniokoa ningelijua. Nilipokwenda kubadilisha mpira mara ya kwanza, kabla ya ile ajali ya injini, fundi anayepresi mipira ya haidroliki, yaani anayeibana na fitingi zake kwa mashine, alinionyesha mpira mnene mweusi. "Bosi, huu unabeba baa mia na sitini. Injini yako haifiki hata kumi." Alisema kweli. Mpira wa 1SN, yaani wa haidroliki wenye msuko mmoja wa waya ndani, wa nusu inchi unaruhusiwa baa 160, na presha ya oili ya injini, hata asubuhi oili ikiwa nzito, kwa kawaida ni baa chache tu. Nikalipa nikiwa na amani. Ambacho hakuniambia, nami sikuuliza, ni kwamba mpira huohuo kwa kiwango chake cha Ulaya, EN 853, umepimwa kwa nyuzijoto 100 tu.

Oili ya injini iliyo kazini hukaa kati ya 90 na 110. Panda mlima wa Sekenke na mzigo kamili, mchana wa Oktoba, upepo ukivuma kutoka nyuma, itakwenda 120. Kuna kanuni ya jumla ya watu wa mipira: kila joto linapopanda nyuzi kumi, maisha ya mpira hupungua kwa karibu nusu. Presha haikuwahi kuupasua mpira wangu. Joto liliukausha kwa ndani, ukawa mgumu kama plastiki, ukaacha kushikana na kikombe chake. Ulichomoka mzima, bila tundu. Basi dukani, kabla ya kuulizia baa, ulizia joto.

Chaguo la kwanza: mpira wa oili ya moto, kwenye paipu zako mwenyewe

Paipu za chuma za kiwandani, zile zenye kona zake, mara nyingi ni nzima. Kinachokufa ni kipande cha mpira cha katikati. Zivue, zikatwe vikombe vya zamani, zichomelewe fitingi mpya za kupresi, kisha upresiwe mpira uliotengenezwa kwa oili ya moto: uliochapwa ubavuni nyuzijoto 125, 135 au 150. Upo mweusi laini, na upo wa R5 (namba ya kiwango cha Marekani) wenye kitambaa kilichosukwa juu, ambao malori ya Marekani yameutumia miaka mingi kwa oili, dizeli na upepo.

Naupa nafasi ya kwanza kwa sababu unatengenezwa siku moja, lori halilali, na ukiharibika ukiwa Singida, Kondoa au Iringa utampata mtu wa kuupresi tena. Lakini hapa ndipo pa kuwa macho. Madukani utakuta mpira wa kawaida ukiuzwa kwa jina la "wa oili ya moto". Usisikilize jina, soma maandishi. Mpira wa kweli umechapwa mfululizo: kiwango, kipenyo, na robo ya mwaka ulipotengenezwa, kwa mfano 3Q23, yaani robo ya tatu ya 2023. Wajerumani katika kiwango chao cha DIN 20066 wanataka mpira wa haidroliki wa kukatwa kutoka kwenye bunda usizidi miaka minne siku unapopresiwa, na ukishapresiwa usitumike zaidi ya miaka sita. Sisi tuna mabunda ya mpira yaliyoning'inia barazani yakipigwa jua tangu hatujui lini. Mpira usio na tarehe, mwachie mwenyewe.

Ukinunua R5, pima tundu la ndani kwa rula. Namba zake za ukubwa hazifanani na za mipira mingine: namba 12 ya kawaida ina tundu la robo tatu ya inchi, ila namba 12 ya R5 ina tundu la inchi 5/8. Ukiupunguza upana hivyo umeibana oili njia, na geji haitakuambia mpaka siku ya mlima.

Simama karibu wakati wa kupresi. Kikombe kiwe kipya. Cha zamani kikishabanwa mara moja hakirudii. Fundi mzuri hupima kikombe kwa venia, kile kipimo cha milimita, baada ya kukibana na kulinganisha na kipimo cha mpira ule. Anayebana kwa macho, mshukuru uondoke. Baada ya kukata, mpira upulizwe upepo na kufutwa ndani mpaka vumbi la mpira na la chuma liishe, maana chembe hizo zikipita zinaweza kwenda kuziba tundu dogo linalolisha tabo.

La pili: seti halisi ya kiwandani

Unapeleka namba ya chesisi kwa wakala, inaletwa ikiwa na kona zake na klempu zake, unafunga bila kukata wala kuchomelea. Kama lori ni jipya au liko ndani ya dhamana, hili ndilo la kwanza kwako na usibishane nalo. Kama paipu zako zimeliwa na kutu au ziligongwa, vilevile. Nimeliweka la pili kwa sababu mbili. Bei yake ni kubwa, na mara nyingi mzigo unatoka Dar es Salaam, unausubiri kwenye basi huku gari limelala. Ya pili ni kwamba kikombe kilichokuvujia kimeundwa namna ileile kwenye hii mpya, kwa hiyo umenunua muda tu, ingawa ni muda mwingi. Dai risiti ya EFD na uitunze. Ukiuziwa feki kwenye boksi zuri, risiti ndiyo mdomo wako.

La tatu: mpira wa tefloni uliosukwa chuma

Ule unaong'aa kama mkufu wa fedha. Kwa joto hauna mpinzani: R14, namba ya kiwango cha mpira huu, inafika nyuzijoto 204, na oili haiufanyi chochote. Kama mipira yako inapita karibu na egzosi na huna pa kuihamishia, upandishe uwe wa kwanza.

Kinachoushusha ni tabia zake. Ukiukunja kupita kiasi unavunjika ndani kama bomba la karatasi na haurudi, na kutoka nje hutaona kitu. Unataka fitingi zake wenyewe. Kupresi kwa fitingi za mpira wa kawaida ni kutafuta mvujo. Na ule msuko wa chuma hula kila unachogusa: waya, paipu ya dizeli, hata fremu yenyewe. Uvishe ala na ufunge klempu zenye raba.

La nne: haidroliki ya kawaida, 1SN au 2SN

Huu ndio ulioniangusha, lakini nitakuwa mkweli: umekwama Manyoni jioni, ndio uliopo, upresi uufunge. Punguza mzigo wa mguu kwenye mafuta, na ukifika nyumbani uutoe. Kulipia 2SN, wenye misuko miwili ya waya, badala ya 1SN kwa kudhani ni imara zaidi ni kununua presha usiyoihitaji, halafu ni mgumu zaidi kukunja. Hata 1SN wa robo tatu ya inchi unataka kona yenye nusu-kipenyo cha milimita 240. Mbele ya injini nafasi hiyo ni ya kutafutwa.

La tano: mtumba

Chuma cha mtumba nanunua. Mpira wa mtumba sinunui.

Isiyofaa kabisa

Mpira wa rejeta ya maji, hata ukiwa mpya. Umetengenezwa kwa aina ya mpira inayovimba na kulainika ikiguswa na oili. Na ile ya silikoni ya bluu inayopendeza, tafadhali. Imetengenezwa kwa maji na kwa upepo wa tabo. Silikoni tupu hunywa oili ya injini na kuvimba. Nimewaona vijana wenye mapenzi ya kweli na malori yao wakiifunga kwa klipu za bisibisi, wakidhani wameliongezea gari hadhi. Klipu ya bisibisi kwenye oili yenye presha hulegea kila injini inapopata moto na kupoa.

Kuhusu fitingi, kosa ninaloliona zaidi ni koni, yaani ule mteremko wa ncha ambapo fitingi mbili hukutana. Fitingi za JIC, za mtindo wa Kimarekani, zina koni ya digrii 37, za Kijapani ni 30. Nati inaweza kukubali kuingia na koni zisikutane. Unakaza zaidi, inavuja zaidi, mwisho unapasua. Nenda na fitingi ya zamani mkononi. Usizungushe tepu nyeupe kwenye koni wala kwenye fitingi ya oringi (pete ya mpira): haizuii kitu pale, na vipande vyake husafiri na oili. Oringi ziwe za vitoni, mpira unaohimili joto, zikipatikana, na washa za shaba ziwe mpya.

Wakati wa kukaza tumia spana mbili, moja ishike shingo ya rejeta ya oili. Shingo ile ni ya aluminiamu, na ukikaza kwa spana moja utaisokota na kununua rejeta nzima. Kama injini ilishawahi kunoki, usirudishe rejeta ya oili ya zamani. Chembe za chuma hujificha kwenye vijia vyake na kuzitoa zote ni kazi ngumu mno. Hili nililipia.

Mipira mipya ni mitupu, kwa hiyo funga dizeli isiende kwenye injini, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka geji inyanyuke ndipo uwashe, kisha pima oili upya na uongeze. Safari ya kwanza usiende mbali. Nenda Kibaigwa, simama, zima, na injini ikiwa bado ya moto pitisha karatasi nyeupe ya shashi kwenye kila maungio, moja baada ya jingine, kwa chini ambako macho hayafiki.